Nilivyopigwa kibuti na plagini

Miaka saba tulikuwa pamoja na hatukuwahi kugombana. Kisha siku moja ikaniaga kwa mistari minne. Kama una biashara yenye tovuti, dada, soma hadi mwisho, maana na cha kwako kinaweza kuwa njiani.

Kuna vibuti vya aina nyingi. Kuna cha simu isiyopokelewa, kuna cha ujumbe wa usiku wa manane, na kuna kile cha kumkuta mwenzio Coco Beach anamlisha mtu mwingine mihogo. Vyote hivyo wengi wetu tunavijua. Lakini kilichonikuta mimi mwaka 2022 sikuwahi kukisikia hata kwa mashosti wangu wenye visa vya kila namna. Nilipigwa kibuti na programu ya kompyuta.

Usicheke kwanza. Nililia. Baba watoto alinikuta sebuleni saa sita usiku, kompyuta mapajani, macho mekundu, akadhani kuna msiba kijijini. Nilipomweleza alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mama, si programu tu hiyo? Si uchukue nyingine?"

Wanaume bwana! Kana kwamba mtu unabadilisha vitasa.

Tulivyokutana

Mimi ni mpambaji wa kumbi. Harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, ukinipa ukumbi mtupu asubuhi, jioni utaukuta umependeza ile mbaya. Mwaka 2015 wateja walianza kuniuliza, "Dada, una tovuti tuone kazi zako?" Sikuwa nayo. Fundi mmoja alinitajia bei ambayo ningeuza friji na bado ningedaiwa.

Kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyeniokoa. Alinifundisha WordPress, programu ya kutengeneza tovuti iliyoanza mwaka 2003 na ambayo yenyewe hailipiwi. Akaniambia ukitaka iwe na uwezo zaidi unachomeka ndani yake plagini, yaani programu ndogo inayoongeza kitu fulani. Yangu ilikuwa ya kupanga kurasa. Unashika picha kwa mausi, unaiburuta, unaiachia unapotaka ikae. Maandishi huku, picha kule, namba ya simu chini kwa herufi kubwa. Sikuandika hata mstari mmoja wa lugha za kompyuta. Siku tatu tu tovuti ikawa hewani, na wiki ya pili nikapata harusi ya kwanza kupitia hapo. Nikazimika.

Na mtu akipendwa hutangaza. Nikawafuata wenzangu wanne: muuza vitenge wa Kariakoo, mpika keki wa Mbezi, mama mmoja wa Unguja anayetengeneza udi, na shosti wangu wa tangu sekondari, mshona magauni ya harusi kule Temeke. Wote niliwakalia kitako nikawafungisha ndoa na plagini ileile. Mshenga nilikuwa mimi, na shukrani zote nilizipokea mimi.

Barua ya kuaga

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Mtengenezaji, ambaye jina lake silitaji hapa, alisema hatatoa tena toleo jipya wala kurekebisha hitilafu. Alikuwa akiifanya kazi ile usiku, baada ya kazi yake ya kuajiriwa, na sasa ana mtoto mchanga. Alitafuta wa kumwachia, hakumpata. Akatushukuru, akatuaga.

Ngoja nikueleze kwa nini "chukua nyingine" si jibu rahisi. Plagini ya aina ile haikai pembeni. Inapanga ukurasa wako kwa alama zake yenyewe, ambazo ni yeye tu anayezisoma. Siku ukiizima, mpangilio unapotea na katikati ya maneno yako yanatokea mabano ya mraba yamejaa maelekezo yasiyoeleweka. Na kuiacha ilivyo nako kuna hatari. WordPress inaendelea kubadilika, lugha ya PHP inayoiendesha inaendelea kubadilika, na plagini imesimama palepale. Kuna siku wenye seva wataweka toleo jipya la PHP na ukurasa wako utageuka mweupe kama sanda. Tena tundu la usalama likigundulika, hakuna wa kuliziba.

Kila mtu alilia kivyake

Nilipowatumia wenzangu habari kwenye kundi letu la WhatsApp, niliona jambo ambalo msomaji wa jarida hili atalitambua mara moja. Mtu hupokea kifo cha programu vilevile anavyopokea kuachwa.

Wa vitenge aliwaka. "Yaani mtu anatuzoesha halafu anatutupa!" Alitaka tumwandikie barua ya matusi kwa Kiingereza. Nikamuuliza, kwa miaka yote hiyo tumemlipa shilingi ngapi? Kimya.

Wa keki ndiye yule dada anayeachwa Ijumaa, Jumamosi ana mwingine. Usiku uleule alihamia huduma ya kulipia kila mwezi, akapakia picha ishirini nzuri, akalala. Nilimwona hana moyo. Leo namwona ana akili.

Mama wa Unguja alimlipa kijana amtengenezee tovuti mpya. Hakutaka kujua inavyofanya kazi. "Mie nijue udi, yeye ajue kompyuta." Sawa, ila hata nywila anayo kijana, na hilo bado linaninyima usingizi.

Na shosti wangu wa Temeke alikataa kabisa. "Mbona inafungua vizuri tu? Wewe una wasiwasi mno." Ni kweli, ilikuwa inafungua. Plagini ikiachwa haizimiki siku hiyohiyo. Inabaki ikitabasamu, kama mume ambaye moyo umeshahama lakini viatu bado viko mlangoni.

Yaliwakuta na wakubwa

Kama unadhani haya ni ya wapenda vya bure tu, sikiliza. Mwezi Machi 2018 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Muse, programu iliyopendwa na wabunifu wengi duniani kwa sababu ileile iliyonizimisha mimi: unachora ukurasa kwa macho, huandiki lugha ya kompyuta. Msaada wa kiufundi ulikoma Machi 2020. Hao walikuwa wanalipia kila mwezi! Wengine walikuwa na tovuti za wateja wao kadhaa ndani ya Muse, na hakukuwa na njia ya kuzihamishia programu nyingine zikabaki kama zilivyo na ukaendelea kuzihariri. Walikuwa washenga kama mimi.

GeoCities je? Ilianza mwaka 1994, ikawapa watu wa kawaida nafasi ya kuwa na kurasa zao za kwanza kwenye intaneti. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga kule Marekani. Ya Japani ilifuata mwaka 2019. Watu wa kujitolea walikimbia kunakili kurasa kabla ya taa kuzimwa, kama majirani wanaotoa vyombo kwenye nyumba inayoungua.

Hata karibu na sisi. Tovuti ndogo za bure ambazo wafanyabiashara wengi walizitengeneza kupitia Google zilizimwa mwezi Machi 2024. Hadi tarehe 10 Juni mwaka huo aliyefungua anwani ya zamani alielekezwa kwenye taarifa za biashara kule Google. Baada ya hapo, anwani ile iliyochapishwa kwenye kadi na kuchorwa kwenye gari haikumfikisha popote.

Ila kuna waliokataa kuachwa. Desemba 2018 WordPress toleo la 5.0 lilileta namna mpya ya kuandika kurasa, na watu wengi waliichukia. Kwa kuwa WordPress ni programu huria, sheria yake inamruhusu yeyote kuichukua na kuiendeleza, basi kundi moja likachukua toleo la zamani na kuanzisha ClassicPress. Wengine wakaweka plagini rasmi inayorudisha ule uandishi wa awali, na hadi leo inatumika kwenye mamilioni ya tovuti. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na watu wanaoweza kuitunza. Sisi watano tulikuwa na vitenge, keki, udi, sindano na maua.

Simu ya saa mbili usiku

Miezi minane baada ya kibuti, shosti wa Temeke alinipigia. Hakusalimia. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa kwa mama mkwe, akataka kumwonyesha gauni alilolichagua. Akafungua tovuti ya shosti kwenye simu. Badala ya gauni ikaibuka kamari, rangi nyekundu na namba zinazozunguka. Mtu alikuwa ameingia kupitia tundu ambalo hakuna aliyeliziba. Mama mkwe alisema fundi wa namna hiyo hashoni nguo ya mwanawe. Gauni la bibi harusi na ya wapambe sita, kazi ya miezi mitatu, vikaondoka na simu ile.

"Wewe ndiye uliyeniletea," shosti aliniambia. "Ulikuja kwangu na maneno matamu, ukanifungisha. Iliponyauka ukanitumia ujumbe kwenye kundi kama unatangaza kikao."

Nilitaka kujitetea. Si nilimwonya? Lakini usiku ule nilijigeuza kitandani nikijua ana haki. Mila zetu ziko wazi. Mshenga hali pilau akaondoka. Ndoa ikiyumba anaitwa, anakaa mkekani, anasikiliza.

Asubuhi nilienda Temeke na kompyuta yangu. Tulikaa siku mbili. Tulianza kwa kubadilisha nywila na kuifunga tovuti ile. Yeye aliamini kila kitu kimepotea, maana simu yake yenye picha iliibiwa zamani. Hapo nikamwonyesha jambo ambalo hata mimi nilichelewa kulijua: plagini ya kupanga kurasa inapokufa, picha ulizopakia hubaki kwenye hifadhi ya WordPress. Nguo zipo, kabati ndilo lililovunjika. Tulizitoa picha 212. Maneno tuliyachambua kutoka kwenye yale mabano mojamoja, kama kuchambua mchele wenye mawe. Tovuti mpya tuliipanga kwa zana za WordPress yenyewe. Haina mbwembwe, lakini inafunguka na ni yake.

Bibi harusi hakurudi. Na shosti? Tunaongea, ila ilichukua muda kabla hajaniita tena "shosti".

Kabla hujazimika, zingatia haya

Jina la tovuti liandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi wala ya shemeji. Ukilimiliki jina, unaweza kuhama nyumba mara kumi na wateja watakukuta.

Picha na maneno yako yawe na nyumba ya pili. Weka picha halisi kwenye diski ya nje, maneno kwenye faili la kawaida, na kila mwezi chukua nakala nzima ya tovuti.

Chunguza ukoo. Kwenye orodha ya plagini za WordPress utaona lini ilisasishwa mara ya mwisho, tovuti ngapi zinaitumia na imejaribiwa na toleo lipi. Ikiwa imekaa kimya mwaka mzima, jiulize mwenyewe yuko wapi.

Jaribu talaka mapema. Tengeneza nakala ya majaribio, zima plagini, tazama kinachobaki. Kama ni mabano matupu, jua unaingia kwenye ndoa isiyo na mlango wa nyuma.

Ukiambiwa kwaheri, ondoka. Usingoje irudi. Panga wiki mbili, hama taratibu ukiwa na akili timamu, kuliko kuhama usiku ukiwa na mteja mkononi.

Na la mwisho ni langu mwenyewe. Mwezi ule tuliotoka Temeke nilimwandikia yule mtengenezaji. Si matusi. Nilimwambia kwamba kuna mama Dar es Salaam amelipa ada za watoto wawili kwa kitu alichokitengeneza yeye usiku bila malipo, na kwamba katika miaka saba sikumtumia hata asante. Nikamwombea mtoto wake akue.

Hajajibu, na sidai. Baba watoto alisoma ujumbe ule juu ya bega langu, akanyamaza. Siku iliyofuata alirudi kutoka kazini na diski ya nje kwenye mfuko wa rambo. "Weka picha zako humu, mama," akasema. Mpenzi msomaji, kuna maua ya harusi na kuna maua ya namna hiyo.