Maji ya Tangi la Samaki Hubadilishwa kwa Sehemu, Si Yote kwa Mara Moja

Baadhi ya wakazi hufuga samaki wa mapambo sebuleni katika matangi makubwa ya kioo. Tatizo ambalo huwakuta wengi wao ni lile lile. Maji yanapochafuka, mwenye tangi huyamwaga yote, husugua changarawe na sifongo ya kichujio kwa sabuni, kisha hujaza maji ya bomba papo hapo. Jioni tangi hung'aa. Asubuhi samaki wamekufa. Lawama humwangukia muuzaji wa samaki, ilhali kilichowaua ni namna usafi ulivyofanywa.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, hasa kupitia matamvua wanayopumulia. Mabaki ya chakula yanapooza huongeza sumu hiyo. Katika tangi lililokomaa, aina fulani ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao hawakai sana ndani ya maji. Hujishikiza kwenye sifongo, changarawe na mawe. Anayeviosha vitu hivyo kwa sabuni au kwa maji yenye klorini huwaangamiza, na huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kabla hawajajijenga upya.

Hata hivyo, maji ni lazima yabadilishwe. Nitrati huendelea kulimbikizana, na kuongeza tu maji kufidia yaliyokauka hakuiondoi. Aidha, maji yaliyokaa miezi mingi huelekea kuwa na asidi, na katika hali hiyo sehemu kubwa ya amonia huwa katika umbo lisilo kali. Maji mapya mengi yakiingia ghafla, asidi hupungua na amonia iliyobaki hurudia ukali wake. Ndiyo sababu tangi lililotelekezwa hurekebishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kiasi kinachofaa kwa kawaida ni robo ya maji kila wiki moja au mbili. Tangi lenye urefu wa mita 1.6, upana wa mita 0.5 na kina cha maji cha mita 0.5 hubeba lita 400. Robo yake ni lita 100, yaani ndoo 5 za lita 20.

Maji mapya yaandaliwe siku moja kabla. Klorini huwekwa katika maji ya bomba ili kuua vimelea vya maradhi kama kipindupindu, na kwa kiwango hicho haimdhuru binadamu. Lakini huunguza matamvua ya samaki. Maji yakiwekwa katika chombo chenye mdomo mpana kwa saa 24, sehemu kubwa ya klorini hutoka, na pampu ya hewa huharakisha kazi hiyo. Chombo kifunikwe kwa kitambaa cha chandarua ili mbu wasitage humo. Mahali ambapo maji hutibiwa kwa kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi. Hutumika dawa maalumu ya kuiondoa. Mkazi anaweza kuuliza mamlaka ya maji inayomhudumia ni dawa ipi inayotumika. Anayetegemea kisima asihamie ghafla kwenye maji ya bomba, wala wa bomba asihamie ghafla kwenye kisima, kwa kuwa chumvi na madini hutofautiana.

Kabla ya mkono kuingia ndani ya tangi, vifaa vyote vya umeme vizimwe na plagi zichomolewe. Samaki wabaki humo humo. Maji hunyonywa kwa mpira kutoka chini, kwenye changarawe, ambako uchafu hutuama. Mpira usivutwe kwa mdomo. Ujazwe maji kwanza, ncha zizibwe kwa vidole, kisha ncha ya nje ishushwe kwenye ndoo iliyo chini ya tangi. Sifongo ikaminywe ndani ya ndoo ya maji hayo yaliyotolewa, bila sabuni. Maji mapya, yenye joto linalokaribiana na la tangini, yamiminwe polepole.

Maji yaliyotolewa yana rutuba na hufaa kumwagilia mchicha au migomba, faida kubwa wakati wa mgawo wa maji. Yenye chumvi au dawa za samaki yasitumike bustanini. Samaki na mimea ya tangini visitupwe mtoni wala ziwani: gugumaji, lililoathiri uvuvi na usafiri katika Ziwa Victoria, asili yake ni Amerika Kusini na lilienezwa duniani kama mmea wa mapambo.

Samaki wakionekana wakihema juu ya maji, mfugaji asimwage yote. Asitishe chakula siku hiyo, aongeze hewa, na abadilishe robo ya maji kwa maji yaliyoandaliwa. Hali isipotengemaa, amwone Afisa Uvuvi wa Halmashauri, au aulizie katika ofisi ya Mtendaji wa Kata namna ya kumpata.