Utao: Tuijue Dini ya Jirani Kabla ya Kuihukumu

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja na simu mkononi. Mwanawe yuko Uchina kwa masomo, na alikuwa amemtumia video: vijana wamejipanga bustanini asubuhi na mapema, wananyoosha mikono polepole kama watu waliomo majini, naye mwanawe yumo kati yao. Mama akatuuliza kwa sauti ya chini, "Sheikh, mwanangu ndiyo ameshaingia dini ya Wachina?" Ulimi wetu ulikuwa tayari kujibu, lakini tukauzuia, kwani tulitambua kuwa hatuijui dini tuliyokuwa karibu kuitolea hukumu. Tukamwomba muhula, tukarudi vitabuni. Tuliyoyapata twapenda kuyashiriki nanyi wasomaji wetu, kwani leo nyumba nyingi za pwani zina mtoto, ndugu au mshirika wa biashara aliyeko Uchina.

Dini aliyoihofia mama huyu ni Utao. Neno tao, ambalo wengine hulitamka dao, maana yake kwa Kichina ni njia. Mapokeo ya Wachina yasema kuwa mwalimu wake wa kwanza ni Laozi, mtunza nyaraka katika ufalme wa Zhou, karne ya 6 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Alipoona ufalme umeoza, alifunga safari kuelekea magharibi. Mlinzi wa lango la mpakani akamsihi asiondoke kabla ya kuacha hekima yake, naye akaandika kitabu kifupi cha maneno kama 5,000, kiitwacho Daodejing, kisha akatoweka. Wanahistoria wengi huona kisa hiki kuwa simulizi, na kitabu kuwa kazi ya mikono mingi. Lililo thabiti ni kuwa mwaka 1993, katika kaburi la kale huko Guodian, jimbo la Hubei, zilifukuliwa fito za mianzi zenye sehemu za kitabu hicho, zilizoandikwa takriban mwaka 300 kabla ya Nabii Isa.

Kwa Watao, Tao ndiyo asili ya vitu vyote na mwendo unaoviendesha, nayo haielezeki kwa maneno. Mwenye hekima haishindi bali huifuata, na tabia hiyo huitwa wu wei, yaani kutenda bila kulazimisha. Mfano wao mkubwa ni maji: ni laini, huteremkia pahala pa chini, na bado huchimba mwamba. Wazee wetu wa baharini wangelielewa neno hili upesi, kwani nahodha wa jahazi hapigani na kusi. Huupanga msimu wake, akatweka tanga upepo unapomwafiki. Husema pia kuwa ulimwengu huendeshwa na pande mbili zinazokamilishana, yin na yang. Maneno haya hapo awali yalikuwa majina ya ubavu wa mlima ulio kivulini na ule upigwao na jua.

Lau Utao ungelikoma hapo, ungelikuwa falsafa tu. Lakini mwaka 142 baada ya Nabii Isa, katika nchi ya Sichuan, mtu aitwaye Zhang Daoling alidai kuwa Laozi amemtokea akiwa katika daraja ya uungu, akaanzisha jumuiya yenye makuhani. Kila aliyejiunga alitoa mchele wa kiasi cha pishi tano. Wagonjwa waliungama makosa yao, kisha wakanyweshwa maji yaliyotiwa majivu ya karatasi yenye maandishi ya hirizi. Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo, kwani hata kwetu wapo wanaokimbilia hirizi kabla ya kumkimbilia Mola. Si vyema kumcheka jirani kwa doa ambalo hata kanzu yetu inalo.

Tangu hapo Utao umekuwa na miungu mingi, juu yao wakiwa Watakatifu Watatu, na maarufu zaidi kwa watu wa kawaida akiwa Mfalme wa Yaspi. Kuna mahekalu, ubani, sadaka na ibada za kuwaombea wafu. Wapo makuhani wenye wake na watoto waishio mijini na vijijini, na wapo watawa wa madhehebu ya Quanzhen, yaliyoanza karne ya 12, ambao hekalu lao mashuhuri ni la Wingu Jeupe mjini Beijing.

Athari ya dini hii katika maisha ya Wachina ni kubwa. Imo katika uchoraji wa milima na ukungu, katika mashairi na katika tiba. Watao wengi walitafuta dawa ya kutokufa, wakichanganya zebaki na madini mengine, na wako wafalme wanaosemekana kufa kwa kuinywa. Katika majaribio ya namna hiyo, kufikia karne ya 9, ikagunduliwa baruti. Waliotafuta dawa ya kuishi milele wakaipa dunia chombo cha mauti. Hapana kimbilio la kuepuka ajali aliyoiandika Mwenyezi Mungu.

Historia hii imegusa hata mwambao wetu. Mfalme Yongle, aliyejenga mahekalu makubwa ya Watao katika milima ya Wudang kuanzia mwaka 1412, ndiye huyo huyo aliyezituma merikebu za Zheng He, zilizofika hadi Malindi. Zheng He alizaliwa katika nyumba ya Waislamu huko Yunnan, na baba yake alijulikana kwa jina la Haji. Mwaka 2013 sarafu ya enzi ya Yongle ilifukuliwa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu.

Na Waislamu wa Uchina wenyewe je? Wameishi baina ya Watao kwa zaidi ya miaka elfu, na leo Uislamu na Utao ni miongoni mwa dini tano zinazotambuliwa na serikali ya huko. Mwanachuoni wao Liu Zhi, wa Nanjing, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 18, alivisoma vitabu vya Watao pamoja na vya Wakonfusio na Wabudha, kisha akaufafanua Uislamu kwa Kichina fasaha. Hakuogopa kujua, na kujua hakukumhamisha kibla. Watu wengi hupenda kutaja yale maneno mashuhuri ya kutafuta elimu hata Uchina, ilhali wanavyuoni wa hadithi wengi wameidhoofisha isnadi yake. Liu Zhi atutosha kuwa mfano.

Sasa tulirudie swali la mama. Tofauti yetu na Utao ni ya msingi: Tao haitumi Mitume wala haiteremshi sharia, nasi hatumwabudu ila Mwenyezi Mungu mmoja, anayesikia na kujibu. Kusujudia sanamu na kuvalia hirizi ni mlango tusioukaribia. Lakini alichokionyesha kijana ni taijiquan, mazoezi ambayo ngano huyanasibisha na mtawa wa Wudang, na wanahistoria wengi huyarejesha kwenye kijiji cha ukoo wa Chen, jimbo la Henan, karne ya 17. Anayeyafanya kwa afya ya viungo, bila ubani wala nia ya ibada, kwa tuonavyo sisi hana tofauti na anayekimbia ufuoni asubuhi.

Tulimweleza hayo, tukamnasihi asianze na lawama, aanze na kumwuliza mwanawe habari za sala. Akampigia simu papo hapo, nasi tukisikia. Kijana akamjibu, "Mama, mimi huswali Alfajiri kwanza, ndipo nishuke bustanini."

Mama akaifunga simu, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nasi tukamshukuru Mola kwamba siku ile ya kwanza tuliuzuia ulimi.

Wallahu aalam.