Sulfa Ni Ileile, Majina Ndiyo Mengi

Tuseme uko Mbingu na umeandikiwa Septrin. Siku kumi baadaye homa inapanda, macho yanakuwa mekundu, midomo inachubuka, ngozi inauma na kutoa malengelenge. Jirani atasema surua, mwingine atasema umerogwa. Lakini huenda ni dawa.

Hali hii inaitwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Hutokea mara chache sana, ila unaweza kuua au kupofusha.

Kinachotokea ni hiki: chembe nyeupe za kinga huiona dawa kama adui, kisha hushambulia ngozi yako mwenyewe, ikabanduka kama ya mtu aliyeungua moto. Mara ya kwanza huchukua kama siku 4 hadi 28 tangu uanze dawa. Baada ya hapo chembe hizo hazisahau. Ukiimeza tena, madhara yanaweza kuja haraka zaidi na kuwa makali zaidi.

Sasa, nani atameza tena dawa iliyombabua? Asiyejua kwamba ni ileile! Septrin, Fansidar, Orodar na Metakelfin zina maboksi tofauti, lakini zote zina dawa ya jamii ya sulfa. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuifanya SP, yaani Fansidar na wenzake, dawa ya kwanza ya malaria. Baadaye dawa mseto ikachukua nafasi hiyo, ila SP bado hupewa wajawazito kliniki. Na sulfa iliyomo kwenye SP hukaa mwilini kwa wiki kadhaa; ukishameza, huwezi kuirudisha.

Kwa hiyo:

- Ukiona dalili hizo, usimeze dozi nyingine. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na boksi mkononi.
- Omba jina halisi la dawa, si la kibiashara tu, liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari lako na kwenye kadi ya kliniki.
- Litaje kila unapotibiwa, hata duka la dawa. Wa nyumbani nao walijue, maana siku ukizidiwa watakusemea wao.
- Mwombe mhudumu atoe taarifa TMDA.

Mama mjamzito, usiikimbie kliniki kwa hofu ya SP. Mwambie nesi yaliyokupata. Chandarua na vipimo vya malaria bado ni haki yako.