Jaji haulizi kama ulipigwa

Mkazi wa Bigwa anaijua Mazimbu, upande wa pili wa mji wa Morogoro. Ndiko ANC ya Afrika Kusini walikopewa ardhi mwaka 1977 wakajenga shule ya Solomon Mahlangu, ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tanzania iliwapokea kundi zima, kwa uamuzi wa kisiasa. Siku hizi Watanzania nao hukimbia: baada ya uchaguzi wa 2020, Godbless Lema, aliyewahi kuwa mbunge wa Arusha Mjini, alivuka kuingia Kenya na familia yake, kisha akaenda Kanada. Na anayeomba hifadhi huko huhojiwa yeye kama yeye.

Akikataliwa, ndugu nyumbani husema: "Si aende mahakamani akaeleze upya?" Haendi kueleza upya.

Chukulia kijana wa Bigwa, mwanachama wa upinzani, aliyeomba hifadhi Kanada. Alipeleka kadi ya chama, barua ya katibu wa tawi, na fomu ya PF3 yenye muhuri wa polisi na mwandiko wa daktari: jeraha kichwani, mkono umevimba. Bodi ya wakimbizi ikamkataa, na rufaa ndani ya bodi hiyo ikagonga mwamba. Uamuzi unachambua kwa kirefu barua ya katibu, ambayo tarehe yake imepishana na maelezo ya kijana. Halafu sentensi moja tu: hakuna ushahidi kwamba alipigwa. PF3 haikutajwa popote.

Hapo ndipo penye kesi. Jaji wa Mahakama ya Shirikisho hachunguzi kama kijana alipigwa, anachunguza namna alivyokataliwa. Je, alisikilizwa? Ushahidi wake ulisomwa? Sababu zilizoandikwa zinamfikisha msomaji kwenye uamuzi ule? Tangu hukumu ya Vavilov ya Mahakama ya Juu ya Kanada, Desemba 2019, kipimo cha kawaida ni kama uamuzi una mantiki, hata kama jaji mwenyewe angeamua vingine. Ushahidi mzito ukipitwa kimyakimya, uamuzi unaweza kutenguliwa.

Kinachoniuma ni karatasi zinazochelewa. Jibu la kukataliwa likishafika ndipo ndugu wanakimbilia kituoni na hospitali kutafuta nakala. Kwa kawaida jaji hazipokei, kwa sababu anapima kile tu kilichokuwa mezani kwa waliokataa. PF3 itumwe kabla ya usaili.

Kwetu, Mrundi au Mkongomani akinyimwa hifadhi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mapitio ya aina hii hufanywa na Mahakama Kuu. Kwanza anaomba kibali, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi. Akikipata, ndipo anafungua maombi yenyewe. Mlango huo wa mahakama si jambo dogo. Mwaka 2018, katika kesi ya Anudo, iliyohusu uraia na si hifadhi, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliona Tanzania imekosea kwa kutompa mtu nafasi ya kupinga mahakamani uamuzi uliomvua uraia.

Kushinda mapitio hakumaanishi kupewa hifadhi. Jalada hurudishwa, kwa kawaida kwa mwamuzi mwingine, naye anaweza kukataa tena, ila kwa sababu zinazosimama.

Mwenye ndugu Kanada amwambie ampigie wakili siku ileile jibu linapofika. Muda wa kuomba kibali cha mapitio huko ni siku 15 tangu kuarifiwa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.