Uko Diani na Unataka Kutengeneza Gemu? Anza na Mbega

Msee, ukisema nyumbani unataka kuchora ama kutengeneza gemu, swali huwa ni moja tu: "Utakula nini?" Na huku Kwale swali hilo lina meno. Mboka kibao za Diani na Ukunda zinategemea watalii. Masika ikiingia wageni wanapungua, na aliyechonga simba kumi wa mbao anabaki nao wote kumi.

Hatutakudanganya eti gemu italipa kodi ya nyumba kesho. Wengi wanaoanza hawaoni doh haraka. Ndiyo maana unahitaji sababu nyingine ya kushika penseli, na sababu hiyo iko karibu kuliko unavyodhani.

Cheki juu ya barabara

Ukipita barabara ya Diani, inua macho. Utaona ngazi za kamba zimevuka juu, kutoka mti wa upande huu hadi ule. Ni madaraja ya mbega, wale wa manyoya meusi na meupe. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza 1997, linayaweka ili wavuke bila kugongwa na magari. Nyaya za stima nazo huwaua.

Hapo gemu iko tayari: mbega, matatu, nyaya, na daraja lililo mbali kidogo. Uvuke hapa chap chap, ama uzunguke hadi kwenye kamba? Gemu yoyote ni hiyo tu, sheria chache na uamuzi unaouma. Mtoto wa Ukunda akiicheza ataijua hiyo barabara. Akishindwa mara tatu, kesho akipita hapo na boda ataangalia juu. Umebadilisha macho ya mtu wa mtaani kwako. Hiyo ndiyo maana ya kazi, buda.

Si kila kitu ni cha kuokota

Ukienda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, unafungwa kitambaa cheusi kiunoni na unaambiwa usitoke na kitu, hata jani. Kaya hii ni kati ya zile za Mijikenda zilizoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Sasa fikiria. Gemu nyingi zinakupa pointi ukiokota: sarafu, dhahabu, silaha. Je, ukitengeneza ile ambayo ukiokota tu, umepoteza? Sheria hiyo hukuitoa Tokyo wala California, imekaa Kinondo kabla babu yako hajazaliwa. Lakini usivamie. Nenda kwa wazee kwanza, uliza kipi kinafaa kuchorwa na kipi kibaki ndani ya msitu. Wakikataa, heshimu.

Kuna Mkenya ameshapita hii njia

Wesley Kirinya alitoa gemu ya Adventures of Nyangi mwaka 2007. Baadaye yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, studio ya gemu na vibonzo vinavyotokana na hadithi za Kiafrika. Kwa hivyo usiambiwe hizi ni ndoto za Wazungu.

Anza hivi

Usianze na simu. Chora barabara kwenye karatasi, tumia vizibo vya soda kama kete, ongeza dadu moja. Cheza na mabeste watatu. Wakiboeka, badilisha sheria. Wakianza kubishana nani ameiba zamu, umefika.

Ndipo uhamie Godot, programu ya bure ya kutengeneza gemu, ambayo hata kwa simu ya Android inafunguka. Iwe ndogo: skrini moja, mbega mmoja. Gemu ndogo iliyokamilika inashinda kubwa iliyokwama kichwani.

Na lile swali la nyumbani? Usiache mboka. Endesha boda, uza madafu, chora jioni. Mzee akiuliza tena utakula nini, mpe simu, mwambie avushe mbega.