Nyongo na Saratani ya Tumbo: Panya Wanatufundisha Nini



Wapo wenzetu waliokatwa sehemu ya tumbo zamani kwa sababu ya vidonda. Wengi hudhani kwamba kidonda kikishapona, mambo yamekwisha. Tumeona ni wajibu wetu kueleza kwa nini waendelee kupimwa.

Nyongo hutengenezwa na ini, kisha humwagwa katika utumbo mdogo. Asidi zilizomo hufanya kazi kama sabuni: huvunjavunja mafuta ya chakula. Mahali pake ni utumboni. Kati ya tumbo na utumbo pana msuli unaobana kama mlango. Mlango huo ukilegea, au ukiondolewa kwa upasuaji, nyongo hurudi tumboni.

Mwaka 1967 wataalamu wa Japani, Sugimura na Fujimura, walitangaza kwamba panya walionyweshwa kemikali iitwayo MNNG walipata saratani ya tumbo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliongeza asidi ya nyongo katika majaribio ya namna hiyo, na saratani ikazidi. Wengine waliwapasua panya ili maji ya utumbo pamoja na nyongo yarudi tumboni. Baadhi ya panya hao walipata saratani bila kupewa kemikali yoyote.

Sababu ni hii: nyongo huharibu ute unaolinda ngozi ya ndani ya tumbo. Chembe hai hufa, na nyingine huzaliwa upesi kuziba pengo. Hali hiyo ikidumu, makosa huongezeka katika chembe mpya, na saratani hupata nafasi.

Kweli, panya si mtu. Kwa binadamu chanzo kikubwa ni kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, ambacho kina dawa ya kukiua. Lakini hata kwa watu, waliokatwa tumbo huonekana kuwa na hatari zaidi ikipita miaka 15 au 20.

Basi, ndugu uliyepasuliwa, mweleze daktari habari hiyo hata kama ni ya zamani. Ukitapika damu au maji machungu ya kijani, ukikonda, au ukipata choo cheusi, usitegemee vidonge vya dukani. Vidonge vya kupunguza asidi ya tumbo havizuii nyongo kurudi.

Nanyi viongozi wa matawi, mwombeeni mwenzenu ruhusa ya kwenda hospitali mapema. Saratani ya tumbo ikigunduliwa mapema hutibika, ikichelewa, huua.