Bustani ya umma: kwa nini jengo lifuate ardhi?

Ilongero, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, ni mji unaokua. Viwanja vyote vikishapimwa na kugawiwa, kupata eneo la bustani ya umma huwa ni suala la fidia na migogoro. Lakini kutenga eneo hakutoshi. Mara nyingi greda hutangulia kusawazisha, jengo hufuata, na miti hupandwa mwisho. Wasanifu wa mandhari hushauri kinyume chake: someni ardhi kwanza.

Bustani ya Forodhani, Unguja, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliogusa hata ukuta wa bahari, mifereji na taa. Katikati hakuna jengo refu linaloziba macho. Aliyeketi pale huona Ngome Kongwe upande mmoja na bahari upande wa pili.

Huko Cairo, Misri, bustani ya Al-Azhar yenye hekta 30 ilifunguliwa mwaka 2005 juu ya vilima vya vifusi vya karne nyingi. Vilima havikuondolewa vyote. Matangi matatu makubwa ya maji ya jiji yalifukiwa ndani yake, na juu zikapita njia na miti.

Ilongero ingesoma nini?

Kwanza, mawe. Jabali likiachwa bila kupasuliwa kokoto, ni kiti, kivuli na mahali pa watoto kupanda, bila gharama ya ujenzi.

Pili, upepo. Singida inajulikana kwa upepo mkali wa mashariki. Ukumbi au vibanda vya chakula vikijengwa upande huo, vifupi kama tembe za wazee wetu, vitakinga miche na wanaopumzika.

Tatu, maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na miche mingi hufa kiangazi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hivyo paa la mita za mraba 200, mvua ya mwaka ikifika milimita 600, hupokea lita 120,000. Hata sehemu ikipotea, tangi likichimbwa chini ya jengo, na jengo likawekwa juu ya mteremko, maji yatashuka yenyewe hadi kwenye miti.

Kwa hiyo ramani ya bustani ikiletwa kwenye mkutano wa kijiji, usiangalie picha ya jengo tu. Uliza: majabali, miti iliyopo na njia ya maji vimechorwa wapi? Kama havimo, vitaondolewa.